Wavulana Huku, Wasichana Kule: Tuliyojifunza Darasani Puge

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi, au miaka ya mwanzo ya sekondari, anaifahamu hali hii. Kengele ya mapumziko ikilia, darasa hugawanyika lenyewe bila ya amri ya mtu. Wavulana huelekea uwanjani na mpira wao wa matambara. Wasichana hucheza rede upande wa pili, au hukusanyika chini ya mti wakazungumza kwa sauti ya chini. Wale wale ambao miaka michache nyuma walikuwa wakichimba vumbi pamoja, sasa hupishana kama watu wasiojuana. Mwalimu huwatazama akajiuliza: je, hili ni jambo la kuachwa kama lilivyo, au ni kasoro inayopasa kurekebishwa?

Sisi tulilijibu swali hilo upesi mno, nasi tukakosea. Makala haya yanaeleza kosa lenyewe, yale tuliyojifunza baada yake, na njia chache ambazo huenda zikawafaa walimu wenzetu. Hatuandiki kama mabingwa wa saikolojia. Tunaandika kama walimu waliofundishwa na wanafunzi wao.

MAHALI NA WATU WAKE

Puge iko katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, karibu nusu ya safari baina ya mji wa Tabora na mji wa Nzega. Leo barabara hiyo ni ya lami. Wakati wa kisa hiki ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Nchi hii ni sehemu ya Unyamwezi wa kale, nchi iliyotoa wapagazi wengi mno waliobeba pembe na nguo baina ya pwani na bara katika karne ya 19. Wakazi wake wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma. Hulima mahindi, mpunga, karanga, viazi vitamu na pamba, nao hufuga ng'ombe na mbuzi.

Mambo haya si ya pambo tu. Mtoto wa Puge hafiki shuleni akiwa mtupu. Kabla ya kengele ya asubuhi msichana amekwisha kwenda lamboni kuteka maji, akafagia uwanja, akawasha moto. Mvulana naye amefungua ng'ombe au ameacha zamu ya kuchunga kwa mdogo wake. Kila mmoja amefanya kazi yake pamoja na wa jinsi yake. Sisi tulipoingia darasani na vitabu vyetu hatukuiona kazi ile, kwa kuwa ilikuwa imekwisha fanyika kabla hatujaamka.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2008 tulikuwa walimu wawili wapya, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Tulitoka chuoni pamoja, tukapangiwa shule moja ya msingi pande za Puge, tukakabidhiwa Darasa la Sita. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 40. Umri wao ulikuwa baina ya miaka 12 na 15, kwani wengi walichelewa kuandikishwa. Walikaa kwenye madawati ya watu wawili wawili, machache yakikaliwa na watatu. Safu za dirishani zilikuwa za wavulana. Safu za upande wa mlango zilikuwa za wasichana. Kati ya pande hizo palikuwa na njia ambayo hakuna aliyeivuka isipokuwa kwa kwenda ubaoni.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa njia shirikishi, na tuliiamini kwa moyo wote. Tuliona kwamba njia ile katikati ya darasa ilikuwa ni ukuta, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuubomoa. Basi Jumatatu moja, bila ya kumwuliza mtu, tukatoa amri: kila dawati likaliwe na mvulana mmoja na msichana mmoja. Tuliwapanga wenyewe kwa kufuata orodha ya mahudhurio. Wakati wa kuhama hakuna aliyesema neno, nasi tukadhani ukimya ule ni utii.

Katika juma la kwanza tuliona mistari ya chaki ikichorwa katikati ya madawati, kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma. Tukaifuta, nayo ikarudi. Katika juma la pili mikono iliyokuwa ikiinuka wakati wa hesabu ilipungua, hasa ya wasichana. Binti mmoja wa miaka 14, ambaye kwa hesabu za sehemu hakuwa na mpinzani darasani, alianza kujibu kwa kutikisa kichwa. Katika juma la tatu binti huyo hakuja shuleni. Tukangoja siku mbili, tatu, sita. Siku ya tisa mmoja wetu, yule wa kike, akapanda baiskeli akaenda kwao.

Alimkuta bibi yake uani akianika michembe. Wakasalimiana, akaletewa kigoda, akaeleza shida iliyomleta. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Mwanangu mwalimu," akasema, "wewe ulisoma mpaka ukapewa chaki. Ulipokuwa binti, hukuwa na wenzio wa kwenda nao kisimani?"

"Nilikuwa nao, bibi."

"Na mjukuu wangu alikuwa nao. Wewe umemtoa kwa wenziwe, wala hukumpa wengine."

Ndipo habari ikatoka polepole. Wavulana walikuwa wametunga maneno kwamba binti yule na mwenziwe wa dawati ni mume na mke. Maneno yakafika kwa wasichana. Baadhi yao wakaona haya kuonekana naye, wengine wakamwonea wivu, na kundi zima likaacha kumngoja asubuhi chini ya mkwaju walipokuwa wakikutania. Kutoka kwao mpaka shuleni ni mwendo wa zaidi ya saa moja, sehemu kubwa ikiwa ni pori na mashamba yasiyo na watu. Binti wa miaka 14 hapiti njia hiyo peke yake alfajiri. Hakutoroka shule, alikosa watu wa kwenda nao shule.

Baba yake alikuwa kando akikaza nati za plau. Akaongeza, bila ya kuinua macho, kwamba ikiwa shule yenyewe imekwisha mketisha binti na mwanamume, basi labda wakati umefika kwa baba naye kumtafutia wa kwake. Mwenzetu hakujua kama lile lilikuwa tani au ni azma. Alirudi jioni ile akasukuma baiskeli njia nzima badala ya kuipanda.

Wenzetu wasimcheke baba huyo. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba katika shule za serikali za Tanzania Bara alifukuzwa, na njia ya kurudi katika mfumo rasmi ilifunguliwa na serikali mwezi Novemba 2021 tu. Mzazi wa mwaka 2008 aliyeogopa binti yake kuwekwa karibu na wavulana aliogopa jambo lililoweza kumaliza masomo ya mtoto kwa siku moja. Sisi tulikuwa tumepanga madawati bila ya kuihesabu hofu hiyo.

KWA NINI VIJANA HUJITENGA

Baada ya pigo hilo tulianza kusoma na kuuliza. Tulivyozidi kusoma ndivyo tulivyoona kwamba jambo hili lina mizizi zaidi ya mmoja. Tutaitaja mitatu.

Mzizi wa kwanza ni mrefu kuliko ujana wenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba kujitenga huanza mtoto anapobaleghe. Sivyo. Eleanor Maccoby na Carol Jacklin, wataalamu wa saikolojia wa Marekani, walichapisha mwaka 1987 matokeo ya kuwatazama watoto wa huko wakicheza. Waliona kwamba mtoto wa miaka minne na nusu hutumia karibu mara 3 ya muda wake na wenzi wa jinsi yake kuliko na wa jinsi nyingine. Akifika miaka sita na nusu huwa ni mara 11. Hatusemi kwamba hesabu ya Marekani ni hesabu ya Puge. Tunasema tu kwamba mtoto wa Darasa la Sita haanzi kujitenga mbele ya macho yetu. Amekwisha zoea kwa miaka mingi.

Kinyume chake, ujana ndio wakati ambapo utengano huo huanza kulegea. Dexter Dunphy, aliyewachunguza vijana wa mji wa Sydney huko Australia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963, alionyesha kwamba vijana huanza katika vikundi vidogo vya jinsi moja. Kisha vikundi vya wavulana na vya wasichana huanza kukaribiana vikiwa vikundi, na baadaye ndipo makundi ya mchanganyiko huzaliwa. Hapa ndipo tulipoliona kosa letu wazi. Kijana huivuka njia ile ya katikati akiwa na wenzake. Sisi tulimtaka kila mmoja aivuke peke yake, Jumatatu asubuhi, mbele ya watu 40.

Mzizi wa pili ni kazi na malezi. Beatrice Whiting na Carolyn Edwards, katika kitabu chao cha mwaka 1988 kilichokusanya habari za watoto wa nchi mbalimbali, Kenya ikiwa mojawapo, walieleza kwamba watoto hujitenga zaidi wanapokutana wengi wa umri mmoja mbali na usimamizi wa wakubwa. Nyumbani, ambako kaka na dada wa umri tofauti hulea mdogo wao na kufanya kazi pamoja, mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Basi shule, inayokusanya rika moja kwa wingi, ndiyo mahali panapofaa mno kwa utengano kustawi. Tulikuwa tukilaumu mila kwa jambo ambalo shule yenyewe inalikuza.

Walakini mila nazo zina sehemu yao. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwezi Novemba 1857, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba vijiji vya Unyamwezi vilikuwa na nyumba mbili za watu wote, zilizoitwa iwanza, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, kila moja upande wake wa kijiji. Aliandika pia kwamba wavulana waliona aibu kula pamoja na mama zao, kwamba wasichana waliokua walijijengea nyumba yao na marika wenzao, na kwamba mtoto wa kiume wa miaka sita au saba alikwisha kubebeshwa pembe ndogo begani ili azoee upagazi. Burton aliwaandika watu wetu kwa dharau nyingi, na msomaji yampasa ampime. Hata hivyo tulipowauliza wazee wa Puge kama marika yalikuwa na mahali pao pa kukaa, walituambia kwamba ndivyo walivyosikia kwa wazazi wao, na walishangaa kwamba sisi walimu tulikuwa hatujui.

Wala si Unyamwezi peke yake. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya Wanyakyusa wa kusini mwa nchi yetu, aliwaeleza wavulana waliotoka nyumbani kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa kijiji cha rika moja. Chakula walikwenda kula kwa mama zao kwa zamu, wakiwa pamoja. Wakoloni nao hawakubadili mambo: Julius Nyerere alipoingia Shule ya Tabora mwaka 1937, aliingia shule ya wavulana. Mchanganyiko wa vijana katika shule za kutwa za karibu na nyumbani ulienea sana baada ya mwaka 2004, shule za sekondari za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Tunalolitaka lifanyike darasani kwa juma moja ni jipya sana katika nchi hii.

Je, malezi yanaweza kubadilika? Yanaweza. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha uchunguzi wake juu ya wavulana wa Kijaluo wa Oyugis, magharibi mwa Kenya. Katika nyumba zilizokosa mabinti wa kutosha, mama waliwapa wavulana kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, na mwenendo wao ulikaribia ule wa wasichana hata wasipokuwa kazini. Mama hao hawakuwapanga watoto kwenye madawati. Waliwapa kazi iliyohitajika kufanywa.

Mzizi wa tatu ni haya na hifadhi. Mwili wa kijana unabadilika, naye hana maneno ya kuyasema mabadiliko hayo mbele ya kila mtu. Mwenzetu wa kike aliambiwa na wasichana, baada ya miezi kadhaa ya kuaminiana, kazi za kundi lao. Mmoja akiwa katika hedhi na nguo yake ikachafuka, wenzake humzunguka wakatoka naye nje kama ukuta unaotembea. Mmoja huwa na kitambaa cha akiba, mwingine kanga. Chini ya uongozi wetu mpya, msichana aliyeketi na mvulana hakuwa na wa kumnong'oneza. Wale tuliowakaripia kwa kuomba ruhusa ya kutoka wawili wawili walikuwa wakifanya kazi ambayo shule ilipaswa kuifanya na haikuifanya.

Wavulana nao walikuwa na lao. Mwenzetu wa kiume alisikia kwamba huzungumza juu ya sauti zinazokwaruza, juu ya nani ana nguvu ya kushika plau, na juu ya hofu ya kuonekana mtoto. Utani wao mkali dhidi ya aliyekaa na msichana ulikuwa njia ya kulinda mpaka. Barrie Thorne, aliyewatazama watoto wa shule za Marekani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, alieleza kwamba michezo ya kukimbizana na maneno ya kusingiziana uchumba huuimarisha mpaka baina ya wavulana na wasichana hata pale inapowakutanisha. Hapo tukaielewa mistari ya chaki juu ya madawati.

Tusije tukalisifu kundi kupita kiasi. Ndege wa mabawa mamoja huruka pamoja, lakini si kila warukako ni kuzuri. Kundi lile lile linalomfunika msichana humwambia pia kwamba hesabu ni za wavulana. Kundi linalomfundisha mvulana ujasiri humzomea akionekana na kitabu. Wala watoto wote si sawa: tulikuwa na msichana aliyecheza mpira na wavulana tangu utotoni bila ya kuulizwa na mtu, na mvulana aliyependa kukaa jikoni na dada zake. Kundi ni makazi ya kijana kwa wakati fulani wa maisha yake, na makazi huweza kuwa mazuri au mabaya.

TULIVYOJARIBU KUREKEBISHA

Jambo la kwanza lilikuwa kumrudisha binti yule. Tuliwaomba radhi wanafunzi mbele ya darasa zima, jambo ambalo mwalimu mkuu aliliona geni. Tukawaruhusu wakae watakavyo. Mwenzetu wa kike akazungumza na wasichana watatu wa njia ile, bila ya kuwakaripia. Siku ya nne wakamngoja tena chini ya mkwaju. Alirudi akiwa amekosa zaidi ya majuma mawili ya masomo, akaketi na rafiki yake nyuma kabisa. Mwezi mzima ukapita kabla mkono wake haujainuka.

Kisha tukaanza upya, safari hii kwa kazi. Tuliunda vikundi vya wanne: wasichana wawili waliochaguana na wavulana wawili waliochaguana. Hakuna aliyeachwa peke yake upande wa pili. Kila kikundi kilipewa kazi isiyowezekana kwa mikono miwili: kupima uwanja wa mpira kwa kamba yenye mafundo, kukokotoa eneo la bustani, kupima karanga za shamba la shule kwa mizani ya kuazima na kutafuta bei ya gunia. Yule mwenye kamba hawezi kusoma fundo la mwisho. Lazima amwulize aliyeko upande wa pili. Mara ya kwanza waliulizana kwa kupitia kwetu. "Mwalimu, mwambie asogee kushoto." Mara ya tatu walikuwa wakipigiana kelele wenyewe: "Sogea! Siyo huko, kushoto!" Hatukuwahi kufurahia kelele za darasani kama siku ile.

Tuligeuza pia orodha ya zamu. Wavulana wateke maji ya shule. Wasichana wagonge kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari kuukuu, na watunze kamba na mizani. Wavulana walikataa maji kwa adabu, wakisema ndoo zimetoboka. Asubuhi iliyofuata mwenzetu wa kiume akachukua ndoo, akaenda lamboni, akarudi nayo kichwani, maji yakimmwagikia shati. Kina mama waliokuwa lamboni walicheka mpaka wakashika magoti. Juma lile lile wavulana wawili wakaenda naye, na baada yao wengine. Hatutaki kudanganya kwamba wote walikubali. Mzee mmoja alikuja kutuuliza kama tunawafundisha watoto wake au tunawaoza.

Somo kubwa zaidi alitupa mvulana mmoja tulipokuwa tukiwauliza kwa nini hawapendi kukaa pamoja. Alisimama, akakunja mikono kwa heshima, akasema: "Samahani mwalimu. Mbona walimu wa kike wanakaa kwenye mwembe, na walimu wa kiume wanakaa ofisini?" Darasa lilinyamaza. Ilikuwa kweli. Kwa mwaka mzima sisi wawili tuliokuja pamoja, tulioandaa masomo pamoja, tulikuwa tukinywa chai ya saa nne mbali mbali, kila mmoja na watu wa jinsi yake, wala hakuna aliyetupanga. Tangu siku hiyo tulihamishia viti vyote chini ya mwembe.

TUSILOLIREKEBISHA

Imebaki habari moja, nasi tusingekuwa wakweli tukiiacha. Katika dawati lile walikaa watu wawili. Tulimfuata binti, mvulana hatukumfuata.

Alikuwa kijana mpole wa miaka 15, wa wastani kwa masomo. Hakulalamika. Wenzake walimpa jina la kike, wakaacha kumpasia mpira, na wakati wa kuchunga wakamwachia upande wa peke yake. Tulipoyarudisha madawati kama yalivyokuwa, wasichana walimpokea mwenzao, lakini wavulana hawakumpokea wao. Baada ya muda akaacha kuja. Tulisikia amekwenda kwa mjomba wake kuchunga ng'ombe, tukaona ni jambo la kawaida kwa wavulana wa huko. Katika daftari la mahudhurio tulimwandika mtoro. Mwaka uliofuata, wenzake walipokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa Darasa la Saba, ndipo mmoja wao alipotusimulia yaliyompata. Mwenzetu wa kiume alikwenda kumtafuta; mjomba alikuwa amekwisha hamisha mifugo yake kufuata malisho.

Tulikuwa tumejifunza kuiona hofu ya msichana kwa sababu ilikuwa na jina: njia, mimba, ndoa. Upweke wa mvulana haukuwa na jina, nasi hatukuuona.

MAPENDEKEZO KWA WALIMU

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo machache, ambayo mwalimu atayalinganisha na mahali pake.

Kwanza, kabla ya kulivunja kundi, mwalimu achunguze linafanya kazi gani. Aulize watoto huja shuleni na nani, hupita wapi, na nani humsaidia nani. Maswali hayo ni sehemu ya maandalio ya somo kama zilivyo zana za kufundishia.

Pili, asimtenge mwanafunzi mmoja mmoja. Achanganye vikundi kwa vikundi, wawili kwa wawili, ili kila mmoja awe na mwenziwe wa kumtazama.

Tatu, aanze na kazi kabla ya viti. Kazi iwe ya kweli, yenye kuhitaji mikono ya wote, na isigawanywe kwa kufuata jinsi. Zamu za usafi na maji ni mahali pazuri pa kuanzia, na mwalimu mwenyewe awe wa kwanza kuishika ndoo.

Nne, utani wa uchumba baina ya wanafunzi usipuuzwe kama mchezo. Mwalimu akiusikia, ajue kwamba kuna mtu anayekaribia kufukuzwa na kundi lake, naye awatazame wote wawili wanaotajwa.

Tano, shule itimize yale ambayo sasa makundi hutimiza peke yake: mahali pa faragha na maji kwa wasichana walio katika hedhi, na mwalimu wa kiume aliye tayari kuzungumza na wavulana juu ya kukua kwao bila ya kuwacheka.

Sita, walimu watazame wanakaa wapi wakati wa chai.

Binti yule alimaliza Darasa la Saba. Siku ya mwisho alikuja kuaga pamoja na wenziwe watatu wa njia ya mkwaju, wote wanne wameshikana mikono. Wakapiga goti kidogo kutusalimu, wakaondoka. Tuliwatazama mpaka walipopotea nyuma ya mashamba, na hakuna hata mmoja wetu aliyetamani kuwaona wakitembea mbali mbali. Kijana yule mwingine, kama angali katika pande za Nzega au Igunga, sasa ni mtu mzima, na huenda ana watoto shuleni. Tunaomba mwalimu wao awe amesoma makala haya.